Mtaa wa Maduka Nje ya Geti

Wenzangu mliobaki kwenye simu,

Ijumaa mlinikatia keki ya kuniaga kazini, mkaandika jina langu kwa herufi zisizo zake, mkanipigia makofi. Ahsanteni. Makofi hayajaisha, binti yule mpya anayekaa karibu na dirisha akanishika mkono: "Auntie, ule mtaa wa maduka na migahawa nje ya bustani ya michezo, kule Ufaransa. Mteja akiuliza kama unafaa kwendwa, nimjibu nini?" Nikamwambia nitaandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mnakielewa hata kama mnajibu kwa Kiingereza, na asiyeelewa atatafsiriwa na mwenzake. Jibu ni refu. Swali hilo limeshamponza mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mfagiaji katika ofisi ya kampuni ya mabasi ya safari, Barking. Nilikuwa nimetoka Wete, Pemba, kwa njia ya mzunguko ambayo haiwahusu. Siku moja mama wa Kiunguja alisimama kaunta akihangaika na Kiingereza chake, nikaweka ufagio nikamsaidia. Meneja, Bwana Derek, akasimama akitutazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Wiki iliyofuata nikapewa koti la kampuni, kubwa kuliko mie, nikaambiwa nimekuwa msindikizaji wa abiria.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa na kwaya ya kanisa moja la Peckham. Mie sikujua kipaza sauti kimeshawashwa. Nikajisemea "Bismillahi", na basi zima likaitikia "Haleluya!" Dereva alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kitambaa. Ndivyo nilivyojuana na Mzee Gurdial.

Alikuwa Singasinga wa Kisumu, mtoto wa fundi wa reli, mwenye kilemba cha rangi ya majivu na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wanangu. Akikaa Thornton Heath na mkewe, akivuka London nzima kila alfajiri kuja kuwasha basi letu. Kila ninachokijua katika kazi hii amenifundisha yeye, na ofisi haikumlipa kwa hilo hata kwa neno.

"Dada Salma, hesabu vichwa, usihesabu viti," aliniambia. "Kiti chenye koti si mtu." Akanifundisha pasipoti zisikusanywe kwenye mfuko mmoja, kila mtu akae na yake, kwa sababu mfuko mmoja ukipotea ni maafa ya watu arobaini. Akanifundisha kumpa mtoto kipande cha tangawizi kabla ya feri, si baada ya kutapika. Mifuko ya kutapikia nikae nayo mfukoni, si kwenye buti la basi. Hilo nilijifunza kwa koti langu mwenyewe. Na akaniambia hili: "Usimsifie abiria mahali ambapo usingempeleka mama yako."

Sasa mtaa wenyewe. Bustani ya michezo ina geti, na ndani ya geti huingii bila tiketi. Lakini baina ya geti na stesheni ya treni wamejenga mtaa mrefu wa maduka na migahawa, na huo ni wa kila mtu. Kuna taa za rangi, kuna muziki unaotoka kwenye nguzo, kuna mkahawa wenye kiatu kikubwa cha mchunga ng'ombe juu ya mlango, na maduka yanauza midoli ile ile unayoikuta London, imevalishwa kofia tu. Miaka ile chakula cha halali hakikuwapo. Ukila samaki na chipsi umekula, ukitaka kingine rudi kwenye hotipoti yako. Mabenchi machache. Mvua ikinyesha huna pa kujibanza ila dukani, na dukani huachwi usimame hivi hivi. Vyoo visafi, hilo nawapa haki yao.

Aliyeshinda ndani ya bustani na watoto wake, jioni akatoka kula hapo kabla ya basi, huyo atapapenda. Lakini kampuni yetu iligundua kwamba mtaa hauna kiingilio. Ikaanza kuuza safari ya siku moja kwa jina la bustani, na picha ya bustani, na ndani ya bei hamna bustani. Mmefika, mnashushwa mtaani. Nimewaona watoto wamekamata vyuma vya uzio, wakisikiliza wenzao wakipiga mayowe ya raha upande wa pili, na baba anatazama viatu vyake. Tangu nilipoyaona hayo, nikawa nawaambia watu kabla basi halijatoka Barking: tunakwenda madukani, hatuendi kwenye michezo, anayetaka kushuka ashuke sasa. Mzee Gurdial alikuwa akizima injini ili wanisikie. Derek aliniita ofisini mara mbili kwa ajili hiyo. Mara ya pili alisema nina tatizo la mtazamo. Nikamwambia mtazamo wangu ni mzuri, ndiyo maana nimeona.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mpaka safari ya Bi Raya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya tisini, kabla simu za mkononi hazijawa za kila mtu. Asubuhi, uani kwa mabasi, Derek alitujia na kikombe chake cha chai. "Leo hamfiki mtaani," akasema. "Mtawashusha kwenye maduka mapya ya punguzo, yale ya kando ya barabara kuu. Waambieni mkishavuka bahari." Nikamwambia watu wamelipia mtaa ule. Akasema maduka ni maduka. Kumbe wenye maduka yale walikuwa wamemkaribisha wikiendi nzima na mkewe, wakakubaliana naye kuhusu mabasi yetu. Hilo tulilijua baadaye. Mzee Gurdial alipangusa kioo ambacho kilikuwa safi.

Kwenye feri nilikaa karibu na mwanamke mmoja aliyekuja peke yake. Nilimjua kidogo: Bi Raya, mtu wa kwetu Pemba, akifanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja huko huko Barking. Kapu mapajani, buibui limepigwa pasi. Nikamuuliza mbona hakuchukua mtoto, maana safari hii watu hupeleka watoto.

"Nnakwenda kumwona dada'angu," akasema, halafu akatazama nyuma kama aliyeiba. "Usimwambie mtu, Bi Salma. Viza nimeiomba ya matembezi. Sikuandika kama nna ndugu."

Dada yake, Bi Hadia, aliolewa na Mngazija wakati Raya angali msichana. Akahamia Moroni, kisha Marseille. Tangu siku aliyoondoka Wete hawakuonana. Hadia aliomba viza ya kuja Uingereza akanyimwa, akaomba tena akanyimwa. Raya alikuwa na hati ya ukimbizi, na viza aliyopata ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Mtu mmoja akawaambia kwamba treni ya Marseille inasimama pale pale mbele ya mtaa wa maduka, na kwamba mtaani huulizwi tiketi wala kitambulisho. Wakaahidiana kwa simu: baada ya adhuhuri, chini ya kiatu kikubwa. Jioni Hadia angerudi na treni, Raya angerudi na basi.

"Nimemchukulia kashata na kitambaa cha kanga," akasema. "Sijui nimchukulie nini tena. Simjui anapenda nini."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha madereva, nikamkuta Mzee Gurdial na chai yake, nikamweleza.

"Amekuomba usiseme?"

"Ndiyo."

"Basi hatutasema." Akanywa chai mpaka ikaisha. "Viza yake ni ya mara moja?"

"Mara moja."

"Tutakwenda mtaani, dada."

Tulipovuka, alisimamisha basi pembeni na kuchukua kipaza sauti mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akawaambia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba ofisi imebadilisha safari asubuhi hiyo na kuagiza waambiwe wakishavuka. Akasema yeye atawapeleka walikolipia. Basi zima likalipuka kwa kelele. Wengine wakamlaani Derek. Lakini wengi wakafurahia yale maduka ya punguzo. Bwana mmoja wa viti vya kati, aliyekuja na sanduku tupu, akasimama: "Dereva, kama ofisi imesema maduka ya punguzo, wewe ni nani? Tushushe huko!" Wenzake wakamwitikia.

Bi Raya alikuwa ameshika ukingo wa kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Mzee Gurdial angeweza kumpuuza yule bwana. Yeye akasema, haya, wanaotaka punguzo atawashusha njiani na kurudi kuwachukua. Nikamnong'oneza: "Na saa zako?" Nyinyi wa kwenye simu mnapaswa kujua: dereva wa basi ana kiwango cha saa za kuendesha kwa siku, na ndani ya basi kuna kifaa kinachorekodi kila anapogusa usukani. Safari ile kwenda na kurudi ilikuwa inakula karibu saa zake zote. Kuingia kwenye maduka yale, na kurudi tena jioni, kulikuwa kunamvusha mpaka.

"Nitapumzika njiani," akasema. "Siwezi kuwaacha watu barabarani. Hawa nao ni abiria wangu."

Tulichelewa. Foleni ya kutoka kwenye yale maduka ilikuwa ndefu, mabasi yamebanana. Tulipofika mtaani alasiri ilikuwa imeshapita, jioni inaingia. Chini ya kiatu hapakuwa na mtu ila kijana wa mkahawa aliyekuwa akipanga viti. Nikamuuliza kwa ishara na Kiingereza. Alikuwapo mwanamke, akasema, mwenye mtandio, amesimama muda mrefu. Lakini hakuagiza kitu, basi akaombwa aondoke mlangoni.

Bi Raya akaanza kwenda mbio. Sijawahi kumwona mtu mzima wa kwetu akikimbia hadharani namna ile, kapu linampiga ubavuni, watu wanampisha wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Akawa anaita: "Hadia! Hadia we!" Na mie nyuma yake naita. Tukaupita mtaa wote, taa zote zile na muziki wote ule, mpaka mbele ya stesheni. Kwenye ngazi alikuwa amekaa mwanamke mnene kidogo, mkoba magotini. Akanyanyua kichwa.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, dada."

"Treni yangu imeondoka. Nimeiacha iende. Ipo nyingine moja." Hakuinuka. Akamtazama. "Wewe umekuwa na uso wa mama."

Ndipo wakashikana.

Nikawatafutia pa kukaa. Kila mahali walitaka mtu aagize, basi nikawaingiza kwenye mkahawa wa chipsi, nikawachukulia chipsi na chai mbaya, nikataka kuondoka. Bi Raya akanishika nguo: kaa. Nadhani aliogopa kubaki naye peke yake. Wakaulizana habari za watoto, za magoti, za bei ya nyumba. Wakala kashata. Halafu Bi Hadia akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama alipokufa alioshwa na nani?"

Bi Raya akaweka kikombe chini. "Mie sikuwapo, dada. Nilikuwa nimeshatoka Pemba. Niliambiwa wewe ulikuja."

"Mie? Nani alikwambia? Sikuwa hata na nauli ya ndege. Niliambiwa wewe ulikuwa naye mpaka mwisho."

"Hapana."

"Miaka yote nikisema, alhamdulillahi, angalau Raya alikuwapo."

"Na mie nikisema angalau Hadia."

Hawakulia kwa kelele. Walikaa vile, mikono yao juu ya meza iliyojaa chumvi, na muziki wa kwenye nguzo ukawa unacheza wimbo wa sikukuu. Msichana wa mkahawa akaja akaondoa sahani, akapangusa meza kuzunguka mikono yao, akauliza kama tunataka kitu kingine. Nimewahi kuona watu wakipokea habari za msiba katika hospitali na katika viwanja vya ndege. Sijawahi kuona mahali pasipostahili kama pale, wala sijui wangepata mahali gani pengine.

Muda si muda treni ikaitwa. Waliagana kwenye ngazi zile zile. Basi.

Kurudi, tuliwachukua wa punguzo. Yule bwana sanduku lake sasa lilikuwa limejaa, akalalamika kwamba tumewaweka sana. Mzee Gurdial alisimama kupumzika kama sheria inavyotaka, tukakosa feri yetu, tukafika Barking tumechelewa mno. Watu walishuka bila kusema ahsante. Bi Raya alimuaga Mzee Gurdial kwa kichwa, akaenda zake.

Haikupita wiki, kampuni ikamwita Mzee Gurdial: kapuuza agizo, kavuka saa za kuendesha, abiria wamekuja ofisini kumshitaki. Nani waliomshitaki? Wale wale aliowahurumia wasiachwe njiani. Yule bwana wa sanduku alikuja na wenzake wawili. Waliosafiri mpaka mtaani, waliopata walicholipia, hakuja hata mmoja. Niliwapigia simu. Huyu ana zamu, huyu anaogopa maneno, huyu akaniambia: "Lakini si kweli alivunja sheria, Bi Salma?" Kweli, alivunja.

Nikamuuliza Mzee Gurdial niseme sababu. Akakataa. "Siri si yangu, wala si yako. Kamuulize mwenyewe."

Nikaenda kwa Bi Raya, ghorofa ya juu kwenye maghorofa ya halmashauri. Alinipokea vizuri, akanikalisha, akaleta chai. Nikamwambia aje aseme maneno mawili tu: kwamba alikuwa na jambo kubwa na dereva alimsaidia. Kama haji, basi aniruhusu mie nimtaje.

"Siwezi," akasema.

"Bi Raya, mtu anapoteza kazi. Amebakisha miaka michache kustaafu."

"Najua. Wallahi nnaumwa na hilo. Lakini mie na ofisi za watu weupe, nimeshaapa. Wakiuliza nilikwenda kumwona nani? Wakisema niliongopa kwenye viza? Wananinyang'anya karatasi, narudishwa. Nna watoto, Bi Salma."

"Hii ni ofisi ya mabasi tu. Si serikali."

"Ofisi zote zinajuana."

Nilimsihi mpaka chai ikapoa. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na bakuli la halua limefunikwa foili. "Mpelekee yule dereva. Mwambie Mungu atamlipa." Nikaliacha juu ya meza. Sikutaka kuwa mjumbe wa bakuli.

Kwenye kikao niliingia peke yangu. Nikasema abiria walidanganywa, nikasema dereva aliheshimu safari iliyouzwa. Derek akaniuliza kulikuwa na dharura gani ya kwenda kwenye mtaa wa midoli. Nikamtazama Mzee Gurdial; akatikisa kichwa kidogo sana, kilemba ndicho kilichonionyesha. Nikasema sina la kuongeza. Wakamwachisha kazi. Mie wakaniondoa kwenye mabasi, wakanipa kiti na simu, wakasema sauti yangu inafaa kwa wateja. Ndipo mliponikuta.

Kwa hiyo miaka iliyofuata, elfu mbili na kitu, nilikuwa naulizwa juu ya mtaa ule karibu kila siku. Niliwajibu wote ukweli: kama huna tiketi ya bustani, usipeleke watoto, utawatesa. Kama unayo, pita jioni, ule, utazame taa. Mwambieni hivyo hivyo mteja, na msiseme zaidi. Ndege za bei rahisi zilipokuja, na watu wakaanza kujikatia safari kwenye kompyuta, mabasi yetu yakapungua, Derek naye akaenda kwenye kampuni nyingine, kwa wadhifa mkubwa zaidi, nasikia. Hata hilo halikunishangaza.

Mzee Gurdial hakupata basi tena. Kampuni zote ziliuliza kwa nini aliachishwa, na yeye hakuwa mtu wa kubuni hadithi. Nilikuwa nikienda kumwona Thornton Heath; mkewe ananipikia chapati, yeye ananiuliza habari za barabara, kama ile njia ya kuingilia bandarini wameirekebisha. Hakulitaja jambo lile hata mara moja. Mwisho alikuwa akikaa dirishani sebuleni, akitazama mabasi ya mji yakipita, akiwakosoa madereva. Alifariki kwa moyo. Kwenye mazishi nilikuwa mimi peke yangu niliyetoka kazini.

Miezi michache baadaye nilikwenda soko la Barking asubuhi, kabla ya zamu. Kwenye kibanda cha samaki mtu akanishika bega: Bi Raya. Amenenepa, amevaa miwani mizuri. Akanikumbatia, akaniambia kwa furaha kwamba amepata pasipoti ya Uingereza, na kila mwaka anapanda ndege kwenda Marseille. Hadia hajambo, ana kisukari lakini hajambo. Nikamwambia alhamdulillahi, na nilimaanisha.

"Na yule Singasinga?" akauliza. "Yule dereva. Hajambo?"

"Amekufa."

Akaweka mkono mdomoni. "Masikini. Mtu mwema yule. Namkumbuka sana kwenye dua, ujue. Ila kila nikitaka kumwombea, nakwama. Sikupata kumjua jina."

Nilimtazama. Kumbe nilipokuwa nikimsihi kwake, nikilitaja jina lile, hakulisikia hata mara moja.

"Gurdial," nikamwambia. "Gurdial Singh."

"Gudali."

"Gurdial."

Akacheka kidogo kwa haya, akataka kugeukia samaki wake. Nikamshika mkono, nikamzuia. Muuzaji akawa anatutazama, na kisu chake hewani. Nikamtamkisha tena, na tena, polepole, kama unavyomfundisha mtoto, mpaka akalipatia sawasawa. Ndipo nikamwachia, nikaenda kupanda basi langu la kazini.